Tarehe Mbili na Shaka Moja

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu. Herufi zinalala upande kama majani yaliyokanyagwa, na tahajia nitakosea mahali pengi, maana niliacha shule darasa la sita, na huko tulifundishwa kwa Kiingereza na Kiganda. Kiswahili ni cha nyumbani na cha kanisani. Nimekisema tangu nijue kusema, lakini hakuna aliyewahi kunisahihishia kwenye daftari. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili, na nikifuta sana karatasi inatoboka.

Mwalimu anayetufundisha Kiingereza kanisani ndiye aliyesema kila mmoja aandike kitu kuhusu maisha yake, naye atakusanya awape watu wasome. Wengine wameandika juu ya safari na vita. Mimi nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza, kwa sababu liliingia nyumbani kwetu Bwaise, hapa Kampala, mwaka jana na mpaka leo halijatoka. Neno lenyewe ni doubt.

Nyumbani tuko watu watatu: mama, dada yangu na mimi. Baba alikufa Kongo kabla hatujavuka mpaka, na sisi wawili hatumkumbuki. Mama anatembeza vitenge. Anabeba vipande vichache kichwani, kimoja anakitandaza begani ili watu waone maua yake, kisha anazunguka kwenye maghorofa ya Bukoto akibisha hodi. Dada anasuka nywele katika saluni hukohuko Bukoto. Yeye ni mtu wa maneno. Mteja akikaa kwenye kiti chake anacheka mpaka anasahau kwamba kichwa kinamuuma. Mimi nakunja pindo na kupiga pasi kwa fundi cherehani karibu na nyumbani. Kazi hiyo inanifaa, kwa sababu nguo haikuulizi kitu.

Majirani wanamwita mama Nnalongo. Kwa Waganda hilo ni jina la heshima la mwanamke aliyezaa mapacha, na likikushika halikuachii. Lilianza siku ile tulipohamia Bwaise, dada na mimi tukiwa wadogo wa kubebwa. Mama alifika amemfunga mmoja mgongoni na mwingine amempakata. Jirani mmoja, mkaanga mihogo, akamsimamisha njiani.

“Nnyabo, hii batoto yako mbili nakuja siku moja?”

Alikuwa anauliza kama tulizaliwa siku moja, lakini mama alikuwa hajazoea Kiswahili cha Kampala. Akatikisa kichwa kukubali ili apite. Yule mama akapiga kigelegele, akamwekea mihogo kwenye kipande cha gazeti bila kuchukua kitu, na kuanzia hapo mama akawa Nnalongo. Hakuwahi kusema ndiyo kwa mdomo. Lakini hakuwahi kusema hapana pia.

Sisi wenyewe tulikua tukijua ni mapacha. Hatufanani. Dada ni mwembamba na masikio yake madogo yamelala vizuri. Mimi masikio yangu yamesimama kama mikono ya sufuria, na nimemzidi kimo. Watu walikuwa wakisema si lazima mapacha wafanane, na mkaanga mihogo alikuwa na mifano mingi ya ukoo wake. Tulipokuwa watoto tulimuuliza mama nani alitangulia, maana tulikuwa tunagombea ukubwa. Alijibu, “Mlikuja wote wawili,” akaendelea na kazi yake. Tuliona ni jibu la mama asiyetaka ugomvi.

Kuna kitu kingine nikieleze mapema. Nyumbani tuna beseni la bati, la buluu, lenye ua jekundu ndani. Limechubuka ukingoni lakini halijatoboka. Ndani yake tulioga tukiwa wadogo, na sasa tunafulia. Mama hamwazimi mtu beseni hilo. Sufuria ataazima, jiko ataazima, hata kitanda aliwahi kumwazima mgonjwa. Beseni hapana. Maji ya mvua yakiingia nyumbani, kama yanavyoingia kila msimu, vitu vinavyonyanyuliwa kwanza ni viwili: mfuko wa plastiki wenye karatasi zetu, ambao hata hivyo unaning'inia kwenye boriti, na beseni. Dada alikuwa akimtania, “Mama, siku ukifa tutakuzika na beseni lako,” na mama alikuwa akijibu, “Mkinizika nalo nitafufuka niwapige.”

Mwaka jana faili yetu katika ofisi ya wakimbizi ilianza kusogea baada ya kulala miaka mingi. Tuliitwa kwa mahojiano. Watu wa kanisa walituombea. Kila mtu alijua maana yake: faili ikipita, pengine familia inapelekwa nchi nyingine, na ikikwama, mnabaki mkinyanyua mfuko na beseni kila mvua ikija. Mama alitukalisha akatukumbusha tarehe zetu za kuzaliwa kama zilivyoandikwa kwenye karatasi. Mimi mwezi wa tatu, dada mwezi wa nane, mwaka ule ule.

Mtanishangaa nikisema sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja nikazitazama. Lakini kwetu tarehe ni kitu cha karatasi. Hatufanyi sherehe za kuzaliwa. Watu wengi tunaosali nao walizaliwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza, kwa sababu karani aliuliza, wao wakanyamaza, naye akachoka kungoja. Nilidhani hata zetu ziliandikwa na karani aliyechoka.

Siku ya mahojiano tuliingia mmoja mmoja. Mama alitangulia, akafuata dada, mimi nikawa wa mwisho. Mezani alikaa afisa mwanamke, mpole, na pembeni yake mkalimani kijana wa kwetu. Nilijibu maswali nikitazama meza. Kisha afisa akauliza, na mkalimani akageuza:

“Huyu dada yako, ni wa mama mmoja na wewe, baba mmoja?”

“Ndiyo.”

“Nani mkubwa?”

Hapo nilinyamaza. Si kwamba nilificha kitu. Nilikuwa nasikia sauti ya mama, mlikuja wote wawili, na sikujua kama jibu hilo linafaa ofisini. Afisa akangoja. Nikaona aibu ya kungojewa, nikasema kile ambacho Bwaise nzima inasema.

“Sisi ni mapacha.”

Mkalimani akanitazama kidogo kabla ya kugeuza. Afisa akafungua karatasi, akafunga, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kwa neno fupi kama lile.

Nje dada aliniuliza nimejibu nini. Nilipomwambia akacheka. “Angalau leo umesema. Nilidhani utanyamaza mpaka wafikiri umemeza ulimi.” Lakini mama hakucheka. Aliuliza, “Umesema mapacha?” Nikasema ndiyo. Akatengeneza kitenge chake kiunoni, ingawa kilikuwa kimekaa sawa, akatangulia mbele.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Mama na dada walikuwa Bukoto, kwa hiyo niliisoma mwenyewe, nikifuata mstari kwa kidole. Maneno mengi niliyajua. Nilielewa kwamba turudi, na kwamba kuna jambo kuhusu mabinti wawili. Neno moja sikulijua. Nililitamka kama lilivyoandikwa, pamoja na ile b ya katikati, na nilisikia kama kitu kizito kilichoanguka kwenye maji.

Jumamosi nilimpelekea mwalimu. Zamani kwao alikuwa akifundisha Kifaransa katika shule kubwa; hapa anaishi kwa kutengeneza viatu, na Jumamosi mchana anatufundisha Kiingereza bure chini ya mabati ya kanisa. Sikumwonyesha barua yote. Nilikuwa nimenakili neno lile peke yake kwenye kiganja.

“Doubt,” alisema. “Hiyo b usiiguse, iache ilale.” Akaliandika ubaoni na kuwaeleza wote, akidhani nimelitoa kwenye kitabu. “Ni shaka. Sikilizeni vizuri. Si kusema hapana. Mtu akisema hapana, amekwisha kuamua. Mwenye doubt mguu mmoja uko ng'ambo hii ya mtaro na mwingine uko ng'ambo ile. Unaona wingu unasema mvua itakuja, lakini huna hakika. Rafiki anakuambia nitafika saa nne, wewe unaanika nguo zako taratibu.”

Darasa likacheka. Mama mmoja wa nyuma akauliza, “Mwalimu, na mume akisema alikuwa kazini?”

“Hiyo, mama, siyo doubt tena. Hiyo ni kushuku. Kushuku ni pale umekwisha kumwona mtu ni mbaya, unatafuta ushahidi tu.”

Wakacheka tena. Mimi niliandika daftarini: kushuku, kumwona mtu mbaya. Doubt, miguu miwili. Nikakaa nikilitazama neno letu, shaka. Niliona kwamba sisi hatulisemi peke yake. Tunasema bila shaka, tunasema hapana shaka, yaani tukilitaja tunalitaja kwa kulifukuza. Na likizidi moja, likawa mashaka, basi tunamaanisha taabu. Mama kila asubuhi anaomba Mungu atuondolee mashaka, na siku zote nilifikiri anasema juu ya njaa na mafuriko.

Wengine walipoondoka nilimwonyesha mwalimu barua. Alivaa miwani yake, akasoma mara mbili.

“Binti yangu, hawasemi ninyi ni waongo,” alisema. “Mwongo anajua ukweli akauficha. Wao wanasema kuna kitu hakikai. Karatasi zinasema mmepishana miezi mitano kuzaliwa. Wewe umesema mapacha. Hata kama si mapacha, mwanamke mmoja hazai mara mbili ndani ya miezi mitano. Wanauliza kama mabinti wote wawili ni wa kuzaliwa na mama huyu. Mmoja akionekana si wake, pengine watamtoa kwenye faili ya mama na kumfungulia yake.”

“Mmoja yupi?”

Alivua miwani. “Hapa hawakusema. Wao pia hawajui.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani nilihesabu kwa vidole. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuihesabu hesabu hiyo, nami nilikuwa nimeibeba miaka kumi na tisa.

Niliwaambia wote wawili jioni ile, tukiwa tunachambua maharage. Dada alihesabu kwa vidole kama mimi. Kisha akamtazama mama.

“Mama,” nilisema, “ni kweli hatukuja wote wawili?”

“Mlikuja.”

“Siku moja?”

Mama aliondoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje ya mlango. “Niko na watoto wawili,” alisema. “Wakiniita nitawaambia hivyo. Niko na watoto wawili.”

Alinyanyuka, akachukua beseni, akaenda kuanua nguo. Tulielewa basi, bila kuambiwa. Mmoja wetu hakuzaliwa na mama. Na mama anajua ni yupi.

Wiki zile za kungoja kurudi ofisini sizipendi hata kuziandika. Nilianza kutafuta. Nilitazama vidole vya mama akikunja kitenge, nikatazama vyangu. Vyake vifupi, vyangu virefu. Nilifurahi nilipoona dada pia ana vidole virefu, halafu nikajichukia kwa kufurahi. Masikio yangu niliyashika mpaka yakauma. Fundi aliniuliza kwa nini naunguza nguo. Nilikumbuka mambo ya zamani na kuyapima upya: siku dada alipougua homa mama alilia, siku mimi nilipougua hakulia. Lakini siku nyingine dada alipigwa kwa kuvunja chupa, nami nilipovunja sikupigwa. Labda mtoto wako ndiye unayempiga. Labda mtoto wako ndiye unayemlilia. Kila kitu kilikuwa na ng'ambo mbili, na mimi nilikuwa juu ya mtaro.

Nikaanza kusema asante. Mama akinipakulia ugali, asante. Akinisogezea kiti, asante. Siku ya tatu dada akaweka sahani chini.

“Asante ya nini? Umekuwa mgeni hapa?”

“Naweza kuwa mgeni. Hata wewe.”

“Ndiyo sababu sitaki kujua,” alisema. “Nikijua ni mimi, nitakuwa kama wewe sasa hivi. Nitashukuru mpaka chumvi. Na nikijua ni wewe, nitaanza kukuhurumia, na wewe ukihurumiwa unakuwa mbaya.”

“Mimi nataka kujua.”

“Najua unataka. Wewe tangu utotoni unatazama chini ya kila kitu.” Kisha akasema kwa sauti nyingine, bila utani, “Na wakimtoa mmoja kwenye faili, mwenzake afanye nini? Aende?”

Niliinua sahani yake, nikamrudishia. Hilo ndilo lilikuwa mbele yetu, na neno langu moja ofisini ndilo lililolileta. Laiti ningesema dada ni mdogo wangu, labda afisa angeona ni kosa la tarehe tu, lirekebishwe.

Siku ya kurudi mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mlangoni mwa ofisi alimwambia mkalimani kwamba ataingia peke yake, na kwamba watoto wakae nje. Mkalimani aliingia kuuliza, akatoka, akasema sawa. Tulikaa kwenye benchi la mbao. Mlango ulikuwa mzito, hatukusikia kitu. Dada alianza kusuka ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akafumua, akasuka tena.

Mama alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, afisa alitoka nyuma yake mpaka kizingitini. Alitutazama sisi wawili. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka alianza kumtazama nani. Siku nyingine nasema alianza na dada. Siku nyingine naona macho yake juu ya masikio yangu.

“Tutawaandikia,” alisema.

Tulipofika Nakivubo, katikati ya mji, mvua ikatukuta. Tulijibanza kwenye baraza la duka la ndoo na mikeka, pamoja na watu wengine waliokimbia mvua. Maji yalikuwa yanapiga mabati hivi kwamba mtu wa hatua mbili asingeweza kutusikia. Labda ndiyo sababu mama alisema pale. Hakutugeukia. Alisema akitazama barabara.

“Siku tulipokimbia, tulifika kwenye daraja la mbao. Watu walikuwa wengi, daraja jembamba. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga, na kichwani beseni lenye vitu vyake. Alikuwa na mtoto mwingine mkubwa kidogo, wa kutembea, na katika msukumano ule akamkosa. Aligeuka akaniona mimi. Hakuniuliza jina. Aliniambia, mama, nishikie. Akaniwekea mtoto. Kisha akasema, nishikie na hili. Akaniwekea beseni. Akarudi nyuma kumtafuta yule mwingine.”

Dada alinishika mkono. Sijui kama alijua ameushika.

“Nilivuka, nikakaa ng'ambo chini ya mti wenye miiba ili anione. Nilingoja mpaka jua likashuka. Watu wakapungua. Halafu tukasikia risasi upande ule, wakasema daraja limefungwa. Niliondoka.” Mama alikung'uta maji kwenye kitenge chake. “Nilimfunga mtoto mgongoni, nikamwita jina. Siku hiyo ndiyo niliyoiandikisha. Karani aliniuliza alizaliwa lini. Ningesema siku gani? Sikuijua nyingine.”

“Mama,” niliuliza, “siku ile ulikuwa na mtoto wako tayari, au ulikuwa bado na mimba?”

Mnaelewa kwa nini niliuliza. Kama alikuwa na mimba, basi aliyeshikiwa ni wa mwezi wa tatu, ndiye mimi, na dada alizaliwa baadaye. Kama alikwisha kuzaa, basi aliyeshikiwa ni wa mwezi wa nane, ndiye dada. Mama aliliruka swali hilo kama mtu anavyoruka maji machafu. Nikajaribu njia nyingine. Mwezi wa nane kwetu ni kiangazi, wa tatu ni mvua.

“Njiani kulikuwa na tope?”

Hapo ndipo aliponigeukia, na karibu acheke. “Unanitegea na tope? Wewe mtoto.” Kisha uso wake ukarudi. “Afisa nimemwambia. Amesema itakaa kwenye faili yake, si mdomoni mwake. Ninyi sitawaambia. Yule mwanamke hakuniambia nimchukue. Aliniambia nimshikie. Nikisema ni yupi, huyo nitakuwa nimemtenga, nimemweka tayari kurudishwa. Siwezi.”

“Lakini hakurudi,” dada alisema.

“Sikungoja vya kutosha.” Mama alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya kitenge. “Labda alifika baada ya saa moja. Labda alifika usiku akakuta hakuna mtu. Nimekaa na hilo tangu ninyi hamjaota meno. Wao ofisini wana shaka la wiki chache.”

Mvua ilipopungua tulitembea. Nyumbani maji yalikuwa yameingia, yamefika kwenye mguu wa kitanda, na mkaanga mihogo alikuwa amesimama mlangoni kwetu, sketi imekunjwa magotini. “Nnalongo, mimi naingia kwako bila kuuliza,” alisema. “Naweka ile beseni juu ya meza. Najua roho yako iko pale.” Mama alimshukuru. Mimi nililitazama beseni lile, ua jekundu, ukingo uliochubuka, nikaona kwamba halikuwa letu siku hata moja. Tulikuwa tumelishika.

Barua ya pili ilikuja kabla ya Krismasi. Niliisoma mara nne. Ilisema faili inaendelea, na majina yetu yote matatu yamo, katika karatasi moja. Nilitafuta neno doubt mstari kwa mstari, halimo. Kwa ofisi, shaka limekwisha. Mama alipiga magoti. Dada alinibeba juu akanizungusha mpaka tukagonga kabati. Nami nilifurahi, msifikiri sikufurahi. Lakini nilijua limekwenda wapi. Lilitoka kwenye faili yao likahamia kwetu, na sasa linakula nasi.

Sasa tunangoja kuitwa. Simshuku mama, mwalimu alitufundisha tofauti yake. Ninapomtazama sioni mtu mbaya. Naona mtu aliyeambiwa ashike, akashika. Lakini sijaacha kugusa masikio yangu. Na kuna jambo jipya ninaloliona tangu siku ile Nakivubo. Mama akiwa njiani Bukoto na vitenge vyake, akikutana na mwanamke wa kwetu wa umri wake, anapunguza mwendo. Anamtazama usoni. Zamani nilidhani anatafuta mteja.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Mwalimu atapokea barua na kuniletea, na mwandiko mbaya usiwazuie, mmeuona wangu. Ninyi mliowahi kukaa na jambo ambalo mtu wa karibu analijua na hakuambii, niandikieni mlifanyaje.

Na kama wewe ndiye, wewe mama wa darajani, au wewe mtoto uliyepotea katika msukumano na sasa ni mtu mzima, niandikie. Sitamwambia mama mpaka nione barua yako, kwa sababu hawezi kusoma, na sitaki angoje tena bure. Ujue kwamba alingoja mpaka jua likashuka. Ujue kwamba mtoto yu hai, amekula, amesoma, na ni mmoja wetu wawili. Beseni pia lipo. Chini yake, upande wa nje, kuna alama iliyokwaruzwa kwa kitu kikali, si kwa bahati mbaya. Sitaiandika hapa ni alama gani. Wewe unaijua. Niandikie hiyo alama.